Tuhuma, Mkataba na Leseni

Katika miji ya Mbeya na Iringa, na katika vijiji vilivyotandaa baina ya Mlima Kitonga na bonde la Kyela, hakuna habari ienezwayo upesi kuliko ile ya mkandarasi aliyesimamisha kazi. Mitambo ikishalala kando ya barabara kwa majuma mawili, na walinzi wakawa ndio watu pekee waliobaki saiti, kila mtu huwa na sababu yake: kwamba TAKUKURU, yaani taasisi ya kupambana na rushwa, wameingia, kwamba mhandisi wa halmashauri ameitwa kuhojiwa, kwamba fedha zimeliwa. Hapo maulizo huwa mawili, na yote mawili huulizwa kwa ghadhabu. Mmoja huuliza mtu huyu, maadamu ameshikwa na shubha, mbona hajatiwa ndani; na mwingine huuliza mbona, hali yu katika kuchunguzwa, juzi amelipwa hati yake ya malipo.

Maulizo hayo mawili yana asili moja, nayo ni kudhani kwamba mkandarasi anayechunguzwa ana shauri moja mbele ya mamlaka moja. Hakika ya mambo ni kwamba aghalabu ana mashauri matatu: lipo la mkataba, baina yake na taasisi iliyompa kazi, lipo la ruhusa yake ya kuomba kazi za umma na leseni yake ya ukandarasi, ambalo lina wasimamizi wake mbali, na lipo la jinai, ambalo mlalamikaji wake ni Jamhuri. Kila shauri lina mwendo wake na kiasi chake cha ithibati, na serikali inayoyachanganya, kwa haraka au kwa hasira, hujikuta inalipa gharama ambazo mwenye hatia hakuzilipa. Sisi tumekwisha kulipa, na mfano mkubwa wa malipo hayo ulianzia katika maji ya nyanda hizi hizi za juu kusini.

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ukapita katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha ukaingia Iringa na kushuka hadi bwawa la Mtera lililo mpakani na Dodoma, ambako mitambo ya megawati 80 huzungushwa kabla ya maji hayo kuteremka kwenda Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Ukame wa mwaka 2005 ulipokutana na bonde ambalo maji yake yalikuwa yamekwisha kugombewa na mashamba ya mpunga na malisho ya mifugo, Mtera ilipungua kiasi cha kuifanya nchi nzima iishi kwa mgawo wa umeme mwaka 2006, na serikali ikalazimika kutafuta umeme wa dharura. Dharura, kama ijulikanavyo na kila mtu aliyepata kukaa katika bodi ya zabuni, ndiyo hali ambamo kanuni za ununuzi huonekana kuwa ni uzito usio na faida.

Mwezi wa Juni mwaka huo shirika la umeme, TANESCO, lilitia saini mkataba wa megawati 100 na kampuni ya Richmond Development, iliyojitambulisha kuwa ni ya Marekani. Mitambo ilichelewa, mvua zikaitangulia, na kabla ya mwaka kwisha mkataba ukawa umehamishiwa kwa kampuni nyingine, Dowans. Manung'uniko yalipozidi, Taasisi ya Kuzuia Rushwa, ambayo siku hizo iliitwa TAKURU, ilichunguza, na mwaka 2007 ikatangaza kwamba haikuona rushwa. Bunge halikuridhika. Mwezi wa Novemba 2007 liliunda Kamati Teule chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, mwanasheria na mbunge wa Kyela, na mwanzoni mwa Februari 2008 kamati hiyo ikasoma taarifa iliyosema kwamba Richmond haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi iliyopewa, kwamba taratibu za ununuzi zilikiukwa, na kwamba TAKURU yenyewe ilikuwa imeficha zaidi kuliko ilivyofichua. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, wakajiuzulu na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, na Rais Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri.

Katika simulizi za baraza za kahawa habari huishia hapo, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu wake. Mimi naiona sehemu iliyofuata kuwa yenye mafunzo zaidi. Lowassa, siku ile ile ya kujiuzulu, alilalamika mbele ya Bunge kwamba kamati haikumhoji. Na hata kama mtu hamhurumii, lalamiko hilo linagusa ibara ya 13(6) ya Katiba yetu, ambayo humpa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na kukataza anayeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika. Kisha TANESCO ikauvunja mkataba wa Dowans mwaka huo wa 2008, kwa hoja kwamba ulikuwa batili tangu asili yake. Dowans ikaenda mbele ya waamuzi wa Chemba ya Kimataifa ya Biashara, na mwezi wa Novemba 2010 waamuzi hao waliikataa hoja ya ubatili na kuitaka TANESCO ilipe zaidi ya dola milioni 65. Wananchi walipigwa na bumbuwazi: kampuni iliyorithi mkataba uliomwangusha Waziri Mkuu inalipwaje? Jibu ni kwamba kamati ya Bunge ilikuwa imejibu suala la uwajibikaji wa viongozi, na ilistahili kulijibu. Haikuwa imejibu, wala haikuwa kazi yake kujibu, iwapo mkataba uliotiwa saini na kutekelezwa na pande zote mbili waweza kukanwa baadaye na upande mmoja. Hilo lilikuwa shauri jingine, lenye ushahidi mwingine, na serikali ililiendea kana kwamba limekwisha kuamuliwa bungeni Dodoma.

Upo na mfano wa kinyume chake, ambamo serikali ilikuwa na haki katika jambo lenyewe lakini ikakosea katika namna. Kampuni ya City Water, iliyopewa kuendesha huduma ya maji ya Dar es Salaam tangu mwaka 2003, ilishindwa kutimiza ahadi zake, na mwezi wa Mei 2005 serikali ikatangaza kuuvunja mkataba. Iwapo ingeachia hapo, ikafuata notisi na muda uliowekwa katika mkataba wenyewe, pengine shauri lingekwisha kwa makaratasi. Lakini tarehe 1 Juni maofisa waliingia katika ofisi za kampuni, na mameneja watatu wa kigeni wakakamatwa na kufukuzwa nchini. Baraza la waamuzi la Benki ya Dunia lilipotoa hukumu yake mwezi wa Julai 2008 lilisema kwamba Tanzania ilivunja mkataba wake na Uingereza wa kulinda vitega uchumi, ila haikutozwa hata senti ya fidia, kwa sababu biashara ya kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuwa haina thamani kwa uzembe wa wenyewe. Tuliponea chupuchupu, na aliyetuponya ni udhaifu wa mshindani wetu, si uzuri wa mwenendo wetu.

Tuyatazame basi mashauri hayo matatu kama yanavyotokea katika halmashauri ya kawaida, ambayo mikataba yake ni ya kalavati, zahanati na barabara za changarawe. La kwanza ni la mkataba. Afisa masuuli hapo ni mkurugenzi, naye hupata habari ya uchunguzi kwa njia mbalimbali: barua ya TAKUKURU inayotaka majalada, hoja ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, au mnong'ono wa diwani. Barua ya uchunguzi, peke yake, si sababu ya kuvunja mkataba. Na mkurugenzi anayeuvunja kwa barua hiyo tu humpa mkandarasi silaha ambayo wakili wake ataitumia vizuri. Kadhalika si amri ya kuzuia malipo yote. Kazi iliyofanyika, ikapimwa na kukubaliwa, ni deni, na deni la mtuhumiwa ni deni vile vile. Kinachozuilika ni kipengele kilichotiliwa shaka: ikiwa shubha ni juu ya unene wa tabaka la changarawe kati ya kilomita ya tatu na ya tano, basi hicho ndicho huwekwa kando katika hati ya malipo, na sababu yake ikaandikwa, ilhali mitaro na kalavati ambazo hakuna anayezitilia shaka zikalipwa.

Ili kujua lipi ni lipi, hufanywa kipimo cha pamoja, na mimi naiona hii kuwa ndiyo hatua yenye kuamua mambo mengi kuliko zote, ijapokuwa haitangazwi redioni. Msimamizi wa mkataba na mwakilishi wa mkandarasi hutembea barabara yote kwa miguu, pamoja na fundi wa maabara na mtu wa kushika futi kamba. Huchimba vishimo katika tabaka, wakapima unene wake, wakapima na jinsi udongo ulivyoshindiliwa. Hupima kipenyo cha kalavati na kina cha mtaro. Na penye zege hutafuta kumbukumbu za vipande vya mchemraba vya milimita 150 vilivyopasa kumwagwa siku ile ile ya kazi na kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na baada ya siku 28. Kumbukumbu zisipoonekana, au zikionekana ni safi mno kupita kiasi, namba zile zile zikijirudia kutoka daraja hadi daraja, hukatwa kipande cha mviringo katika zege lenyewe kikapimwe upya. Kila ukurasa hutiwa saini na pande zote mbili papo hapo. Mkandarasi akikataa kutia saini, kukataa kwake nako huandikwa.

Katika nyanda hizi jambo hilo lina saa yake. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, tena kwa mfululizo, na barabara ya changarawe ambayo haijamalizika huweza kuchukuliwa na maji katika msimu mmoja. Uchunguzi unaoanza Oktoba bila ya kipimo cha pamoja hukuta mwezi wa Juni korongo mahali palipokuwa na tabaka. Na hapo mkandarasi husema aliweka sentimita zote zilizotakiwa zikachukuliwa na mvua, na hakuna awezaye kumkanusha. Maji huchukua kazi, yakachukua na ushahidi.

Upo na mtego mwingine ambao mkurugenzi asiye makini hunaswa nao. Dhamana ya utekelezaji, ambayo aghalabu ni hati ya benki au ya kampuni ya bima, ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haijali kwamba TAKUKURU bado wanahoji mashahidi. Vivyo hivyo dhamana ya malipo ya awali. Halmashauri inayoandikiana barua na mkandarasi kwa miezi minane pasipo kumtaka aongeze muda wa dhamana huja kugundua, siku inapokwenda benki kudai, kwamba imeshika karatasi tupu.

Shauri la pili linahusu mustakabali wa kampuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma, tangu ile ya mwaka 2004 iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, kupitia ile ya 2011 hadi hii mpya Na. 10 ya mwaka 2023, inaruhusu mzabuni mwenye udanganyifu, rushwa au uvunjaji wa mkataba afungiwe asishiriki katika zabuni za umma kwa muda maalumu. Lakini mkurugenzi wa Mbeya au wa Mafinga hawezi kumfungia mtu. Yeye hupeleka pendekezo pamoja na vielelezo. PPRA humpa mtuhumiwa tuhuma zake kwa maandishi, naye hujibu. Kisha Mamlaka huamua, na asiyeridhika huenda kwa Mamlaka ya Rufani, PPAA, na kutoka hapo Mahakama Kuu. Walioko nje ya nchi wakifungiwa na taasisi za kimataifa, sheria yetu nayo huwafuata. Na tangu mwaka 2010 Benki ya Dunia na benki nne kubwa za maendeleo, ya Afrika ikiwamo, zimekubaliana kwamba anayefungiwa na mojawapo kwa muda unaozidi mwaka hufungiwa na zote. Zamani udhaifu wa mambo haya ulikuwa kwamba aliyefungiwa Iringa huenda akaomba kazi Kigoma, karani asijue. Mfumo wa kielektroniki wa ununuzi, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya ule wa zamani wa TANePS, umezipitisha zabuni zote mlango mmoja, na hilo ni jambo la kushukuriwa, ingawa haujamzuia mwenye hila asisajili kampuni mpya kwa jina la shemeji yake.

Mbali na hao ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambayo huwapanga makandarasi kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba, na ambayo yaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kabisa katika daftari. Bodi haiulizi iwapo fedha ziliibwa. Huuliza iwapo mtu huyu anafaa kuitwa mkandarasi. Kwa hiyo hutokea mtu akashinda kesi ya rushwa mahakamani na bado akafutwa, kwa kuwa aliazimisha jina lake kwa asiye na usajili, na wala hapana kinzano katika hayo.

Shauri la tatu ni la TAKUKURU, chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2007 iliyoiongezea taasisi hiyo jina na meno. Hapa ithibati inayotakiwa ni nzito kuliko zote, isiyoacha shaka ya maana, na makosa mengi ya sheria hiyo hayafikishwi mahakamani pasipo idhini ya Mkurugenzi wa Mashitaka. Ndiyo sababu uchunguzi huchukua muda, na ndiyo sababu barabara haifai kuungoja. Asiyeweza kuthibitishiwa kwamba alitoa bahasha aweza kabisa kuthibitishiwa kwamba alimwaga zege hafifu. Na kwa kosa hilo la pili mkataba una dawa yake leo hii.

Sasa nifikie desturi ambayo wasomaji wengi huipenda, na mimi siipendi. Kiongozi huja katika ziara, akaona nyufa, akamwita mkandarasi mbele ya halaiki na kamera, kisha akaagiza awekwe ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 humpa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa kizuizini kwa saa zisizozidi 48, lakini uwezo huo umewekwa kwa ajili ya anayevunja amani au anayekaribia kutenda kosa, na sababu zake hupaswa kuandikwa. Nyufa za ukuta hazivunji amani. Zaidi ya hayo, saa 48 za mahabusu hazipimi zege, haziongezi muda wa dhamana, wala haziandiki pendekezo kwa PPRA. Huandika tu aya ya kwanza ya madai ya fidia. Kiongozi angetaka kuwatisha wezi kwa kweli, angesimama pale pale akamtaka mhandisi aseme kipimo cha pamoja kitafanywa siku gani.

Tena mara nyingi anayepaswa kuulizwa hayupo saiti. Soko la Mwanjelwa, lililoteketea kwa moto mwaka 2006 na kujengwa upya kwa mkopo wa benki, ndilo ambalo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliagiza lichunguzwe alipofika Mbeya mwaka 2017. Na maswali yaliyozuka hapo yaliwaelekea watumishi wa jiji waliofanya maamuzi ya fedha kuliko waliokoroga zege.

Wapo pia watu ambao hakuna barua inayowataja: fundi wa kupinda nondo, mwenye lori la kokoto, mama lishe aliyekopesha chakula cha wiki sita kwa ahadi ya hati ya malipo inayokuja. Malipo yote yakizuiwa kwa jumla jumla, hao ndio hulala njaa kwanza, ilhali mkandarasi mwenyewe ana kazi nyingine mkoa wa pili. Kuzuia kipengele badala ya kuzuia hati nzima huwanusuru wengi wao, na halmashauri yenye busara huweka katika mkataba sharti la mkandarasi kuonyesha kwamba amewalipa waliomfanyia kazi kabla ya kulipwa tena.

Diwani atakaye kujua halmashauri yake imesimama wapi katika jambo la namna hii hahitaji kuuliza mtu gani ni mwizi. Katika kikao cha baraza, ambacho wananchi wana ruhusa ya kuketi na kusikiliza, aulize kipimo cha mwisho kilifanyika lini na nani walikitia saini, ni kipengele kipi kimezuiliwa na kwa sababu gani, dhamana inaisha tarehe ipi, na kama pendekezo limekwisha kupelekwa PPRA au la. Mkurugenzi anaweza kukataa kusema lolote juu ya uchunguzi wa TAKUKURU, na atakuwa amefanya sawa. Hayo mengine ni hesabu za halmashauri yake mwenyewe, na hana ruhusa ya kuyakataa.